Ruhusa Isiyoombwa Tena

Mwanzoni mwa Januari 2024 kijana mmoja wa ofisini kwetu aliniletea jalada jembamba. "Msomi, naomba uyapitie kabla sijayasajili kwenye mfumo." Ndani kulikuwa na maombi ya kwenda Mahakama Kuu kuomba ruhusa ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, pamoja na hati ya kiapo yenye aya kumi na tatu. Yalikuwa yameandikwa vizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Kasoro ilikuwa moja tu: ruhusa hiyo ilikuwa haiombwi tena. Ilifutwa tarehe 1 Desemba 2023, wiki tano kabla, na kijana wa watu alikuwa amefundishwa chuoni, tena kwa usahihi kabisa, kwamba katika mashauri mengi ya madai huingii Mahakama ya Rufani bila ruhusa.

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilijua kwa sababu tu wakili mwenzangu alininong'oneza kwenye korido ya mahakama tukisubiri jaji aingie. Lakini fikiria mteja. Siku 60 za kuwasilisha rufaa, zinazohesabiwa tangu notisi ya rufaa ilipopokelewa mahakamani, zinatembea huku wakili wake akihangaika kubisha mlango ambao umeshang'olewa. Samaki akioza utamnusa. Kifungu kilichokufa hakitoi harufu. Kinakaa kitabuni na namba yake, kimenyooka vilevile kama jana.

Watu wengi hudhani wakili ni mtu anayeijua sheria. Sehemu kubwa ya kazi, kwa kweli, ni kujua kama sheria uliyoijua bado ipo. Na mabadiliko hayaji yakipiga ngoma. Hili la ruhusa lilikuja ndani ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2023, iliyorekebisha sheria mbalimbali za sekta ya sheria kwa mkupuo, mojawapo ikiwa ile inayohusu mamlaka ya kusikiliza rufaa, Sura ya 141. Hizi sheria za "marekebisho ya sheria mbalimbali" ndizo zinazotunyima usingizi. Jina la juu halikuambii kitu. Unaweza kukuta mambo matatu au manne ambayo hayajawahi kukaa meza moja yamerekebishwa katika kitabu kimoja chembamba, na lile linalokuhusu limejificha katika mstari mmoja unaosema kifungu fulani kifutwe na nafasi yake ichukuliwe na hiki. Ukiusoma mstari huo peke yake huelewi chochote mpaka ufungue sheria mama pembeni.

Mahakama ya Rufani nayo iliyakuta maombi ya ruhusa yakiwa yanasubiri zamu ya kusikilizwa, ikaona kwamba hayana tena cha kuamuliwa. Marekebisho ya utaratibu, tofauti na yale yanayogusa haki yenyewe, kwa kawaida huyakuta hata mashauri yaliyokwisha funguliwa.

Zamani dawa ilikuwa gundi. Ofisi niliyoanzia kazi ilikuwa na karani mzee ambaye kila Gazeti la Serikali lilipofika alikata vipande vya karatasi, akaandika juu yake namba ya tangazo na tarehe, akavibandika pembezoni mwa kifungu husika. Baadhi ya kurasa zilikuwa nene kama chapati kwa kubandikwa. Ukitaka kujua kama kanuni imeguswa, ulipapasa ukurasa kabla hujausoma. Tulimtania sana. Siku alipostaafu ndipo tulipojua ni nani hasa aliyekuwa mwanasheria wa ile ofisi.

Gazeti bado hutoka kila Ijumaa, na bado ndilo chanzo chenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, sheria huanza kutumika siku inapochapishwa gazetini, isipokuwa imeelekezwa ianze siku nyingine. Hiyo "isipokuwa" imewaponza wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, nayo pia ni Na. 11, lakini ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kati ya hapo ilikuwepo, imepitishwa na imesainiwa, na bado ilikuwa haimfungi mtu. Aliyemshauri mteja wake mapema kwamba amekwisha kuvunja sheria alimtisha bure.

Siku hizi badala ya karani tuna magrupu ya WhatsApp. Sina ugomvi nayo; habari hufika humo kabla sijamaliza chai. Taabu ni kwamba muswada na sheria huingia vikiwa vimevaa kanzu moja. Mtu anarusha faili na kuandika juu yake "SHERIA MPYA HIYO WASOMI", watu mia mbili wanaisambaza, na ukifungua ukurasa wa kwanza unakuta neno Muswada limeandikwa kwa herufi kubwa. Muswada unaweza kubadilishwa kwenye kamati, ukabadilishwa tena bungeni, ukatoka ukiwa kitu kingine. Nimejizoesha nisisome maudhui ya faili lolote kabla sijaona namba ya sheria, tarehe ambayo Rais aliridhia na tarehe ya kuchapishwa. Vikikosekana hivyo, nalisoma kama barua ya posa: nia imeonyeshwa, ndoa bado.

Ndoa, kwa kweli, ina mfano wake mgumu zaidi, kwa sababu humo Bunge halikubadilisha neno lakini sheria ikabadilika. Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 13 na cha 17 cha Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18, vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Sasa fungua Sheria hiyo ya Ndoa, Sura ya 29, katika Toleo la Urekebu la 2019: yule msichana wa miaka 15 bado yumo, anaruhusiwa kuolewa. Kitabu hakikudanganya, kilichapa maneno ya Bunge yalivyo. Ila msomaji mwenye kitabu hicho tu, bila hukumu zile mbili, angetoka na jibu lisilo sahihi.

Majirani zetu Kenya walipata funzo la namna nyingine. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Muruatetu, ilisema adhabu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa la mauaji. Mahakama za chini zikauchukua uamuzi huo na kuupeleka mbali, hadi kwenye unyang'anyi wa kutumia nguvu na makosa ya kujamiiana. Wafungwa wakarudi mahakamani kuomba wapangiwe adhabu upya. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba ilizungumzia mauaji peke yake. Wakili aliyeendelea kuinukuu hukumu ya 2017 bila maelekezo ya 2021 alikuwa ananukuu hukumu halali kabisa, nusu yake.

Kuzipata hukumu zenyewe kumekuwa rahisi mno. Tulipoanza, Ripoti za Sheria za Tanzania zilichelewa kwa miaka, kwa hiyo tulitembea na nakala za fotokopi zilizofifia, kila moja imeandikwa "haijaripotiwa". Aliyekuwa na kabati kubwa ndiye aliyeshinda hoja. Tovuti ya TanzLII imelivunja kabati hilo. Hukumu inawekwa mtandaoni bure na inapewa namba yake: mwaka, kisha TZCA kama ni ya Mahakama ya Rufani au TZHC kama ni ya Mahakama Kuu, kisha nambari ya mfululizo. Mwanafunzi wa Songea anaipata saa ileile na wakili wa Masaki.

Wingi huo umeleta kazi mpya. Mahakama ya Rufani yenyewe imesema maamuzi yake mawili yakikinzana, ufuatwe ule wa karibuni zaidi, isipokuwa kuna sababu za msingi za kutoufuata. Maana yake ni kwamba kupata hukumu inayokubeba hakutoshi. Lazima utafute pia iliyokuja baada yake, ukiomba Mungu usiipate. Tena utafute kwa lugha mbili. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hukumu zipo za Kiingereza na zipo za Kiswahili, na mashine ya kutafuta haijui kwamba "ruhusa ya kukata rufaa" na maneno yake ya Kiingereza ni jambo lile lile. Wakongwe wanaotafuta kwa Kiingereza tu wanasoma nusu ya rafu. Vijana, nao, mara nyingi husimama kwenye ukurasa wa kwanza wa majibu.

Kisha likaja Toleo la Urekebu la 2023, lililozinduliwa Dodoma Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Ni kazi kubwa na ilihitajika, maana tulikuwa tunafukuza marekebisho ya miaka mingi kwa tochi. Lakini vifungu vingi vimepewa namba mpya. Mtu aliyezunguka mahakamani miaka thelathini akitaja vifungu kwa kichwa, kama anavyotaja majina ya wajukuu, ghafla anasita mbele ya hakimu kijana. Hukumu za nyuma zote zinataja namba za zamani, kwa hiyo kila nukuu sasa inahitaji mkalimani: kifungu hiki, ambacho sasa ni kifungu kile.

Juzuu mpya zilipofika ofisini, karani wetu wa sasa alizipanga kabatini kwa mfuatano, akafuta vumbi ambalo halikuwepo, akauliza kama chupa ya gundi aliyoirithi anaweza kuitupa. Nikamwomba anitolee sheria za kodi. Sheria ya Fedha ya 2025 ilikuwa imeanza kutumika tarehe ileile 1 Julai, siku moja na vitabu vyenyewe. Akaenda dukani kununua chupa nyingine.