Kompyuta Imesema 3,300, Sanduku Lina 3,000



Kikundi kimoja cha akina mama hapa Buruburu kilikuwa na kijana anayejifunza kutengeneza programu kwa lugha ya C. Akajitolea kuwasaidia. Aliandika michango kwa faili, mstari mmoja kwa kila mwanachama: jina, halafu pesa. Programu ingesoma na kujumlisha.

Siku ya mkutano kompyuta ikasema shilingi 3,300. Sanduku lilikuwa na 3,000. Macho yote yakamgeukia mama mweka hazina. Mia tatu ziko wapi? Maskini, alikaribia kulia.

Kabla ya kumshuku mtu, tulimwomba kijana afanye mambo mawili. Kwanza, atengeneze faili ndogo ya watu watatu: 100, 200 na 300. Hiyo ni 600, hata mtoto anajua. Programu ikatoa 900! Pili, aongeze printf ili kila mchango unaosomwa uonekane. Ikaandika 100, 200, 300, 300. Kumbe wa mwisho alihesabiwa mara mbili! Na kwa orodha ya kikundi, wa mwisho alitoa 300.

Kosa lilikuwa hapa:

while (!feof(f))

Kijana alidhani feof huchungulia mbele kuona kama faili imekwisha. Sivyo. Ni kama kuchota maji mtungini gizani: hujui yamekwisha mpaka kata itoke tupu. Programu ilijaribu kusoma tena, ikakosa, lakini ile 300 ya zamani ilikuwa bado imeshikwa, ikajumlishwa tena.

Dawa ni hii:

while (fscanf(f, "%29s %d", jina, &pesa) == 2)

Yaani, jumlisha tu ukipata vitu viwili, jina na pesa. Vikipungua, simama. Hiyo 29 huzuia jina refu kufurika nafasi ya herufi 30.

Mkumbuke pia:

1. fopen ikirudisha NULL, faili haikufunguka. Angalia jina lake kwanza.

2. Jina liwe neno moja. Andika Mama_Njeri, ukiacha nafasi katikati, kusoma kutaishia hapo.

3. Msitupe daftari. Linganisheni kila mwezi.

Mweka hazina aliombwa msamaha mbele ya wote. Je, kwenu hesabu zikikataa, mnaanza kumwangalia mtu au kuangalia hesabu? Mjadiliane mkutano ujao.