KASUKU WA SHULE: TUMNUNUE AO TUMWACHE?



Mwezi uliopita wadogo zetu wa darasa la nane walileta ombi mbele ya kamati ya wanafunzi. Walitaka kila darasa lichange franka kidogo, tununue kasuku, tumtundike ndani ya kizimba kwenye baraza ya chumba cha kulia, awe anatusalimia asubuhi. Wazo hilo lilipendeza wengi, na sisi wenyewe wa kamati tulikuwa karibu kukubali. Halafu mwanafunzi mmoja akauliza toka nyuma: "Na kasuku mwenyewe, mulimuuliza?" Watu wakacheka sana. Lakini baada ya kucheka hakuna aliyeweza kujibu. Ndiyo sababu tumeandika ukurasa huu.

1. Kasuku ni ndege gani?

Tunasema juu ya kasuku wa rangi ya majivu, mwenye mkia mwekundu. Urefu wake ni sentimita 33 hivi, na uzito wake karibu gramu 400. Makao yake ni misitu mikubwa ya joto, toka Afrika ya Magharibi mpaka Kongo yetu na Uganda. Kwetu anapatikana katika pori za Walikale, Maniema na Tshopo. Hapa Goma tunakaa juu ya mawe ya volkano, siyo ndani ya msitu wake. Kasuku unayemuona hapa mjini aliletwa na mtu.

Porini kasuku hapendi upweke. Jioni wanakusanyika makundi makubwa, mara nyingine mamia na mamia, walale pamoja kwenye miti. Asubuhi wanatawanyika kutafuta matunda, mbegu na ngazi za mawese. Dume na jike wanakaa pamoja muda mrefu. Jike anataga mayai 3 mpaka 5 ndani ya tundu la mti mrefu, anayalalia siku 30 hivi, na watoto wanabaki ndani ya tundu karibu majuma 12 mbele ya kuruka. Kwa hivi hawaongezeki upesi kama kuku. Ukikata mti ule, ao ukichukua watoto wale, umeondoa kazi ya mwaka mzima.

2. Kwa nini anasema?

Wengi wanafikiri kasuku anasema "karibu" kwa sababu amefurahia wageni. Siyo hivyo. Kasuku ni ndege wa jamaa, anayejifunza sauti kwa wale anaokaa nao. Tukimfunga peke yake, hana jamaa nyingine isipokuwa sisi, basi anajifunza sauti zetu. Yale maneno tunayoyachekea ni ndege anayetafuta wenzake.

Tena siyo mjinga. Mwaka 1977, kule Chicago, Marekani, mtaalamu mmoja jina lake Irene Pepperberg alinunua kasuku wa aina hii, akamwita Alex. Mpaka alipokufa mwaka 2007 Alex alijua maneno zaidi ya 100, alitambua rangi, na alihesabu vitu mpaka sita. Wengine wanasema: "Unaona, kasuku anafaa kukaa na watu." Sisi tunaona kinyume. Kama ana akili hivyo, basi anajua vizuri kwamba amefungwa.

3. Anafikaje sokoni?

Wawindaji wanapaka ulimbo kwenye matawi, kisha wanaweka kasuku mwingine aliyefungwa ili aite wenzake. Wanaoshuka wananaswa. Wanakatwa manyoya ya mabawa wasiruke, wanajazwa ndani ya masanduku ao vikapu, wanasafirishwa kwa pirogi, kwa pikipiki na kwa ndege. Wengi wanakufa njiani kwa kiu, joto na woga. Watafiti wanakadiria kwamba kati ya kasuku 100 wanaokamatwa, 30 mpaka 66 wanakufa mbele ya kuuzwa nje. Kwa hivi anayenunua mmoja asifikiri kwamba amechukua mmoja tu.

Kati ya mwaka 1975 na 2013, kasuku zaidi ya milioni 1.3 walitolewa porini Afrika na kuuzwa ngambo, na hao ni wale walioandikwa tu. Ghana waliona matokeo: tangu mwaka 1992 walipoteza kasuku 90 mpaka 99 kwa kila 100.

4. Wanaotetea wanasema nini?

Katika mkutano wetu mwenzetu mmoja wa Walikale alisimama akasema: "Mimi minervali yangu ya primere ililipwa na kasuku. Baba alikuwa anawanasa. Munataka kusema baba ni mubaya?" Chumba kizima kikanyamaza. Hapana, baba yake siyo mbaya. Mzazi anayetafuta pesa ya shule hawezi kuhukumiwa na sisi tunaokula bila kujua nani amelipa. Lakini mwenzetu yule akaongeza mwenyewe: "Sasa hata baba hanasi tena. Miti ile yenye ilikuwa makelele jioni, leo iko kimya." Basi biashara hiyo inamaliza ndege, na mwindaji naye anabaki mikono mitupu. Faida kubwa ilikwenda kwa wachuuzi wa mbali.

Wengine wanasema Mungu alimpa mtu kutawala ndege wa angani. Ni kweli, imeandikwa. Lakini kutawala siyo kufunga. Noa naye alifunga ndege ndani ya safina, lakini aliwafunga ili wasife, na maji yalipopunguka aliwatoa.

5. Sheria

Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa ya mapatano ya CITES yalikataza biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaotolewa porini. Nchi yetu ni mshiriki wa mapatano hayo tangu mwaka 1976. Mwaka ule ule wa 2016, UICN iliandika kasuku kati ya viumbe vilivyo katika hatari ya kwisha. Na mwaka 2025 serikali ya Kinshasa ilikataza kukamata na kuuza kasuku hao katika nchi nzima. Kwa hivi shule ikinunua kasuku, inavunja sheria tunayofundishwa darasani kuheshimu.

6. Kasuku tuliyemjua

Mmoja wetu alikuwa na kasuku nyumbani. Kila asubuhi aliita jina la mama wa nyumba, na jirani walikuja kusikiliza. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 amri ikatoka watu wa kartie nyingi wahame. Tulikimbilia Sake na magodoro kichwani. Tuseme ukweli: hakuna aliyekumbuka kizimba mpaka tulipofika. Mtu anakimbia, mbuzi anakimbia, aliye ndani ya kizimba anangoja.

Mzee mmoja jirani, aliyekataa kuhama, alimwekea maji na mahindi. Tuliporudi kasuku alikuwa hai, lakini alikuwa amejing'oa manyoya ya kifua, ngozi tupu. Jina la mama hakuliita tena. Mwaka uliofuata alikufa. Mwalimu wetu wa biolojia alitueleza kwamba ugonjwa huo unajulikana sana kwa kasuku waliofungwa peke yao.

7. Basi tufanye nini?

Kamati imekataa ombi. Hatutachanga.

Lakini aliye na kasuku tayari nyumbani asifungue mlango na kumfukuza. Aliyekatwa mabawa, asiyejua kutafuta chakula, hapa mjini atakufa kwa siku chache. Kasuku anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hivi ni deni refu. Umpe kizimba kipana, maji safi, matunda na mbegu. Usimpe avoka, maana ni sumu kwake. Usimwache peke yake siku nzima, na usimuuze. Ukiweza, uliza watu wa ICCN. Kule Kivu ya Kusini, kituo cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa kutunza sokwe, kinapokea na kasuku pia, na kuwatayarisha warudi msituni.

Wadogo zetu wa darasa la nane, msikasirike. Mlitaka mtu wa kutusalimia asubuhi kwenye baraza. Hilo ni jambo jema, na halihitaji kizimba. Tuanze kesho, sisi wenyewe.

Kamati ya wanafunzi