Ukubwa wa Nchi na Hali ya Hewa

Mwanachama akipita soko la Darajani ataona mbatata na karoti zilizovushwa kutoka bara, kama zile za milima ya Usambara. Jee, sisi zinatushinda kwa udogo wa kisiwa? La. Misri ni kubwa kuliko Tanzania nzima, na karibu yote ni jangwa. Kinachogeuza hewa khasa ni mwinuko: ukipanda mita 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, ina migomba chini na barafu juu. Unguja haifiki hata mita 200.

Tofauti zetu ni za mvua na ardhi. Magharibi udongo una kina na mvua ni nyingi. Mashariki ni mawe na ukavu. Mkarafuu uliopandwa kwenye mawe ya Makunduchi hauna pa kushusha mizizi.