Ukiambiwa "Tuma Balance", Ni Balance Gani?

Kuna neno la Kiingereza tumelizoea hadi hatusimami kuuliza maana yake: "balance".

Kwenye matatu, ukimwambia makanga "nipe balance yangu", unataka chenji. Ulimpa mia mbili, nauli ni hamsini, akurudishie mia na hamsini. Kwa mhasibu wa shule, "balance" ni karo ambayo hujamaliza kulipa. Kwa simu yako, ni salio. Angalia vizuri: ya kwanza unadai, ya pili unadaiwa, ya tatu ni pesa zako tayari.

Shida huja tukianza kuandikiana. Fundi uliyemlipa 5,000 kwa kazi ya 8,000 akisema "nimemaliza, tuma balance", hapo hakuna ubishi. Lakini tuseme umenunua vitu vya 850 na kwa haraka ukalipa 1,000 kwa Till. Unamwandikia mwenye duka, "Balance?" Anakujibu, "Hauna." Yeye anamaanisha huna deni. Wewe unasoma kwamba amekula chenji yako. Sisi tungeandika tu, "Naomba chenji yangu 150," na mambo yaishe.

Hata salio lenyewe lina mitego yake. Salio la 1,000 halitoshi kumtumia mtu 1,000, kwa sababu kuna ada ya kutuma. Na kama una deni la Fuliza, pesa ikiingia M-PESA hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Ndiyo maana unaweza kutumiwa 500 na bado uone sifuri. Hujaibiwa.

Wanaoiba ni wengine, na neno hili wanalijua vizuri. Huiga ujumbe wa kupokea pesa, pamoja na ile sehemu ya "New M-PESA balance", halafu wanakupigia wakilia kwamba wametuma kimakosa, tafadhali uwarudishie. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu. Usiamini salio ulilosomewa na mwingine: kata simu, piga *334# uangalie lako mwenyewe. Kama halijaongezeka, na hakuna Fuliza iliyokatwa, hakuna pesa iliyoingia. Na kama imeingia kweli, usiitume kwa namba unayotajiwa. Mwambie aliyekosea apeleke ujumbe wake wa muamala kwa 456, aombe irudishwe.