MIFUPA YA NG'OMBE NA MAJI YETU

Katika mkoa wetu wa Singida si ajabu kumwona mtoto mwenye meno ya kahawia. Wengi hudhani hapigi mswaki. Sivyo. Rangi ile yaletwa na floraidi, madini yatokayo katika mawe ya itale tuyaonayo kila upande. Maji ya chini ya ardhi hupita katika mawe hayo na kuyachukua, na meno huharibika yangali ndani ya ufizi. Mtu akinywa maji ya namna hiyo miaka mingi, hata mifupa na viungo vyake huweza kukakamaa. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi.

Twaambiwa tuchemshe maji, na ni shauri jema, maana vijidudu hufa. Walakini floraidi haifi wala haiondoki na mvuke. Maji hupungua sufuriani, nayo hubaki ile ile. Kwa hiyo huzidi.

Dawa yake twaitupa kila siku machinjioni. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa katika tanuri lisilopata hewa nyingi, kwa moto wa nyuzi 400 hadi 500 hivi, hugeuka makaa meusi. Makaa hayo hupondwa, huoshwa, na kutiwa katika ndoo ya kuchujia. Floraidi hupenda mfupa, na ndiyo sababu yatudhuru sisi. Hapa twaipa mfupa wa ng'ombe kwanza, ikanasa humo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimetengeneza vichujio vya namna hii vya kutumia nyumbani. Huko Nakuru, Kenya, Dayosisi ya Kanisa Katoliki nayo imeifanya kazi hiyo.

Kazi yenyewe yataka uangalifu. Moto ukiwa mdogo, mafuta hubaki mifupani na maji hunuka. Ukizidi, mifupa huwa myeupe na nguvu yake hupungua. Tena makaa huchoka: yakisha kujaa floraidi hayana kazi, na ulimi hauwezi kujua, maana floraidi haina rangi wala harufu. Kwa hiyo sipendi mtu achome mifupa nyuma ya jiko lake na kuwanywesha watoto bila maji kupimwa katika maabara. Wazee wengine watauliza ni mifupa ya mnyama gani. Swali hilo ni la haki, nalo lina jibu ikiwa mifupa yatoka machinjio yanayojulikana.

Maji ya lambo wakati wa masika ni habari nyingine, maana taabu yake ni tope. Hapo yafaa mbegu za mlonge zilizotwangwa, hata mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta yake. Unga huo ukikorogwa majini hukusanya chembe za udongo, zikawa nzito, zikashuka chini. Baada ya saa moja au mbili maji ya juu humiminwa, huchujwa kwa kitambaa safi, kisha huchemshwa.

Wenzangu bwenini waliniuliza juu ya maganda ya alizeti, maana hapa kwetu Mandewa hayana uhaba. Kwa floraidi nisingeyategemea. Lakini tanuri la mifupa lahitaji moto, na maganda huwaka vizuri kuliko kukata miti.