Siri ya Mgonjwa

Somo letu la leo lahusu siri ya mgonjwa.

Katika mahali kama Mgwashi, milimani Usambara, watu wajuana. Mwuguzi aweza kuwa shangazi yako, na aliyeketi nawe kwenye benchi ni jirani. Mtu akihofu kwamba ugonjwa wake utatangazwa sokoni, atakaa nyumbani na kikohozi chake. Kama ni kifua kikuu, kitamdhuru yeye, tena chaweza kuwaambukiza watoto wanaolala naye chumba kimoja.

Kwa hiyo kutunza siri ni sehemu ya matibabu. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16, yalinda faragha ya kila mtu, yaani mambo yake mwenyewe. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yaamuru majibu ya kipimo yawe siri. Wachache tu waweza kuelezwa, kama vile mume au mke, mzazi wa mtoto, au mahakama. Jirani hamo.

Basi, ukiwa zahanati, sema bila woga: "Bwana Mganga, naomba tufunge mlango kwanza." Nawe uliye kwenye benchi, usitege sikio.

Sasa someni pamoja: Siri ya mgonjwa si habari ya sokoni.

Kwaherini.