Upepo Ndani ya Klachi ya Mafuta

Fundi aliyejifunzia kazi kwenye Boxer na TVS ana mazoea ambayo yatamponza siku akiletewa pikipiki kubwa: klachi ikilegea, anatafuta mahali pa kukaza. Si kosa lake. Boda zinazobeba abiria mjini Singida na magunia ya alizeti kutoka Ikungi na Mkalama kwa kawaida zina klachi ya waya, na waya ukirefuka dawa yake ni kuukaza. Lakini barabara ya Babati, Singida hadi Dodoma hupitisha pia pikipiki kubwa za wasafiri wa mbali, na baadhi hazina waya wa klachi. Kazi hiyo inafanywa na mafuta.

Leva inasukuma pistoni ndogo ndani ya masta silinda iliyo kwenye usukani. Mafuta yanashuka kwenye mpira na kusukuma pistoni kubwa zaidi iliyo kwenye injini, na hiyo ndiyo inayoachanisha pleti za klachi. Kanuni yake aliieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, shinikizo linafika kila pembe bila kupungua.

Tupige hesabu kwa vipimo vya mfano. Pistoni ya juu ina kipenyo cha milimita 14, ya chini 28. Eneo la chini ni mara nne ya lile la juu, kwa hiyo nguvu inaongezeka mara nne, lakini mwendo unagawanywa kwa nne. Leva ikisukuma pistoni milimita 8, klachi inasogea milimita 2 tu. Mafuta yaliyosukumwa hayazidi sana mililita 1.2. Sasa weka humo povu la hewa la nusu mililita. Mafuta hayabanwi kirahisi, hewa inabanwa. Kwa shinikizo la baa 10 povu hilo linasinyaa hadi karibu sehemu moja ya kumi na moja, na zaidi ya theluthi ya mwendo wa leva inaishia kulibana. Klachi inabaki na milimita moja na robo hivi. Ndiyo maana gia zinagoma, nyutro haipatikani, na pikipiki inavuta mbele hata leva ikiwa imegusa mshikio.

Hapo ndipo mazoea ya waya yanapoleta hasara. Fundi anakaza skrubu ya leva mpaka pistoni inakuwa imesukumwa kidogo muda wote. Ndani ya masta silinda kuna kitundu chembamba sana kinachorudisha mafuta kwenye kikopo cha akiba kilicho juu yake leva ikiachiwa. Pistoni ikikaa juu ya kitundu hicho, mafuta yaliyotanuka kwa joto la injini hayana njia ya kurudi. Yanasukuma klachi yenyewe, pleti zinateleza na kuungua. Tatizo la dakika ishirini limegeuka kuwa la pleti mpya.

Kuutoa upepo, yaani hewa hiyo, kunahitaji subira kwa sababu moja: hewa inataka kupanda, na sisi tunasukuma mafuta yashuke. Futa vumbi kwanza kwenye mfuniko wa kikopo, maana kwa upepo wa Singida mchanga utaingia kabla hujageuka. Soma maandishi yake pia. Mengi yatasema DOT 4, lakini baadhi ya BMW na KTM hutumia mafuta ya madini, na ukichanganya hayo mawili raba za ndani zinavimba na kuharibika. Kisha vuta leva polepole, ishikilie, legeza kidogo nipo ya kutolea upepo iliyo chini, acha mafuta na mapovu yatoke kwa mpira mwembamba unaozama kwenye chupa yenye mafuta, kaza nipo, ndipo uachie leva. Ukiachia kabla ya kukaza, unanyonya ulichokitoa. Mafuta ya kikopo cha juu yasishuke hadi kitundu kionekane, la sivyo unaanza upya.

Upepo sugu kwa kawaida haupo chini. Umejikusanya juu kabisa, pale mpira unapoungana na masta silinda, na ukipampu unashuka kidogo kisha unarudi kwake. Geuza usukani ili masta silinda iwe juu kuliko kila kitu, gongagonga mpira, vuta leva kwa miguso mifupi, utaona mapovu yakipenya kwenye kikopo. Au sukuma mafuta mapya kutoka chini kwa bomba la sindano. Mimi naipendelea hii, kwa kuwa hewa inapelekwa inakotaka kwenda.

Mwenye boda asidhani haya hayamhusu. Kama breki yake ya mbele ni ya diski, ana mfumo huohuo mkononi. DOT 4 mpya hustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini hunywa unyevu wa hewani, na yakishakunywa kiasi kinachotumika kupimia ubora wake, karibu asilimia 3.7, kiwango hicho cha kuchemka kinaweza kushuka hadi 155. Teremka mlima wa Sekenke kule Iramba na abiria na mzigo, ukibana breki muda wote, na breki iliyokuwa ngumu kileleni inaweza kuwa laini kabla hujafika Shelui chini ya mlima. Kilichoilainisha ni mvuke, na mafuta yakipoa unatoweka. Fundi akiikagua kesho yake haoni kasoro. Hapo kutoa upepo peke yake hakusaidii. Mwaga mafuta ya zamani yote, weka ya kopo lililofunguliwa siku hiyo.

Na kama klachi imekaa sawa wiki moja kisha ikalegea tena, acha kupampu. Funua raba ya vumbi kwenye silinda ya chini uguse kwa kidole. Ukikuta majimaji, sili imekufa, na panapotoka mafuta ndipo hewa inapoingilia.